Namba Iliyozama Mtoni

Jumatatu, 4 Machi
Mvua milimita 3. Msimu umebisha hodi tu, haujaingia.

Ofisi imetuletea daftari jipya la vipimo, nami nimejinunulia hili. Lile la ofisi linataka tarakimu. Mengine yanayonipata hayana pa kukaa.

Leo duka la programu la simu yangu limefungwa. Nilipoligusa likaandika: “Huduma hii haipo tena. Asante kwa kuwa nasi.” Simu yenyewe nilipewa na ofisi misimu miwili iliyopita, wiki ile niliyoinama darajani kusoma kina cha mto, simu yangu ikachomoka mfukoni na kuzama pamoja na laini yake. Sikuhangaika kuirudisha ile namba. Hii ya ofisi ilikuja na namba mpya, ni ngumu kama jiwe, na ikijaa chaji inakaa siku nne. Ila walioitengeneza wameacha kuitengeneza, na watengeneza programu wanaikwepa kama nyumba iliyosemwa ina mashetani. Imebaki na kupiga, kupokea, meseji za kawaida, tochi, na programu ya kutuma vipimo. Ipo pia ile ya hali ya hewa, ambayo tangu mwaka jana inaonyesha jua na nyuzi thelathini na moja.

Mzee Koti, mlinzi wetu hapa kituoni, hulivua koti lake akioga tu. Aliitazama ile picha ya jua huku maji yakimtiririka shingoni.
“Bi Mvua, hiyo simu yako iko nchi gani?”

Jumapili, 10 Machi
Milimita 7. Nimempigia Mama kama kila Jumapili. Anaishi kwa mdogo wangu, mwendo wa saa sita kwa basi. Goti halijapona tangu alipoteleza. Tuliongea dakika nne.

Mwishoni akasema, “Na ahsante kwa salamu zako za kila asubuhi.”
Nikasema, “Karibu, Mama.” Sijui kwa nini sikuuliza salamu zipi. Nilidhani ni uzee.

Jumatano, 13 Machi
Hakuna mvua. Programu ya ramani imekufa. Bahati nzuri sina safari.

Jumapili, 17 Machi
Milimita 11. Leo simu ilipokelewa na wifi yangu.
“Wifi, yale uliyomwandikia Mama juu ya goti lake, mimi nimelia, wallahi.”
“Nimemwandikia wapi?”
“Si kwenye kundi! Kundi la kumuuguza Mama.”

Nikamweleza kwamba mdogo wangu alifungua hilo kundi mwezi wa pili, nikajaribu kuingia, simu ikakataa. Programu yao haifanyi kazi kwenye simu hii, haitafanya kamwe. Wifi akacheka lile cheko lake la puani.
“Haya, wifi. Wewe na siri zako.”

Jumatatu, 18 Machi
Milimita 22. Baada ya kipimo cha saa tatu nilishuka mjini kwa Fundi, yule dada mwenye kibanda cha simu karibu na posta. Aliifungua, akaipuliza, akaifunga, akajaribu kulipitia kundi kwa njia ya pembeni, kwenye ukurasa wa mtandao. Ukurasa ukaja mweupe na kikaduara katikati, kinazunguka. Tulikitazama mpaka chai yake ikapoa.

“Dada, simu yako haina ubovu,” akasema. “Imeachwa tu.”
“Ndiyo kusema nini?”
“Ndiyo kusema nzima kabisa, na hakuna wa kuzungumza nayo.”
Akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kitu cha marehemu.

Jumapili, 24 Machi
Milimita 30.

Mdogo wangu alipokea mwenyewe, sauti ina furaha. “Dada, nakwambia ukweli, wewe wa maandishi una utu kuliko wewe wa sauti.”
Nikamwambia anisomee. Kila kitu. Akaona namtania, lakini akasoma.

“‘Mama mpenzi, umeamkaje? Weka mto chini ya goti, usiukunje mguu. Leo umevaa gauni gani? Nataka nikuone kichwani mwangu.’ Hiyo ya jana. Ya juzi hii hapa: ‘Mama mpenzi, nimeona kunguru wawili dirishani wamelowa, wamenikumbusha wewe na Baba mkigombania mwavuli.’”

Kuhusu mwavuli, ni kweli waligombania mwavuli. Lakini sijawahi kumwita mama yangu “mama mpenzi” hata siku moja. Kwetu hatukuzoea hivyo, na mimi nina mdomo mzito kuliko wote. Tangu tulipokosana, mwaka ule aliponitaka nirudi nyumbani nikakataa kuiacha kazi, namuuliza hali, naye ananijibu. Basi.

“Huyo si mimi,” nikasema.
“Dada, wengine hukana wizi. Wewe unakana wema?”
“Nakwambia huyo si mimi!”
“Ametaja mwavuli. Nani mwingine anaujua mwavuli?”
Nikaaga.

Jumanne, 26 Machi
Milimita 41, kubwa ya mwezi. Nimefanya jambo la aibu: nimeanza kujishuku. Labda ninaandika nisijue. Nikafungua meseji zote nilizotuma tangu nipewe simu hii, nikazisoma moja moja nikitafuta “mama mpenzi”. Zipo mia saba na kitu. Milimita 4. Milimita 0. Milimita 16, kina mita 1.2. Zote kwa ofisi. Nimefika ya mwisho nikagundua kwamba kwa Mama hakuna hata moja, ya aina yoyote.

Alhamisi, 28 Machi
Milimita 38. Nimempigia wifi akiwa sokoni, mbali na mume wake.
“Wifi, nisomee ile namba inayoandika.”
“Namba yako?”
“Isome.”
Akaisoma taratibu. Saba saba tatu mwishoni. Ni namba yangu, lakini si ya simu hii. Ni ile iliyozama.

Saa kumi nikashuka darajani kusoma kina. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yanabeba majani na kandambili moja. Mita 1.9. Nilisimama pale pale nilipoinama misimu miwili iliyopita. Nikawa naona, chini ya uchafu wote ule, kioo kidogo kinawaka na kuuliza goti linaendeleaje. Mzee Koti akanishika kiwiko.
“Rudi nyuma kidogo, Bi Mvua. Mto hauna adabu.”

Ijumaa, 29 Machi
Milimita 12. Nimeipiga ile namba saa nne asubuhi, nimesimama uani, kweupe pee. Ikaita. Nilitarajia ile sauti ya kampuni ya kusema haipatikani. Ikaita mara sita, ikapokelewa.

Kulikuwa na mngurumo, kitu kinakwenda na kusimama, kinakwenda na kusimama. Nyuma yake mvua juu ya bati. Pumzi ya mtu karibu kabisa na sikio langu.
“Wewe ni nani?” nikasema.
“Haloo?” Sauti ya mwanamke.
“Nimekuuliza, wewe ni nani?”
“Haloo? Haloo?”
Nikapaza sauti hadi Mzee Koti akatoka kibandani. “MIMI NDIYE MWENYE NAMBA HII! UNANISIKIA?”
Nikamsikia akisema, si kwangu, bali kama anamwambia mtu aliyeko chumbani kwake, au anajiambia mwenyewe: “Hakuna mtu.”
Akakata.

Sijala mchana.

Jumapili, 31 Machi
Milimita 26. Juzi nilimwambia mdogo wangu yote: ile namba, ule mto, yule mwanamke. Mara hii hakucheka. Akaahidi kumtega huyo mtu. Leo kanieleza ilivyokwenda.

Aliandika kundini: “Dada, hebu tukumbushe, Baba alikuwa akiniita nani nilipokuwa mdogo?” Ukimtoa yeye mwenyewe, hilo jina linajulikana na watu watatu tu, na mmoja wao amefariki. Kabla “Dada” hajaandika neno, Mama akatangulia: “Wacha utoto. Alikuita Kibuyu, na wewe ni Kibuyu mpaka leo.” Ndipo “Dada” akafuata: “Kibuyu wetu!” na kicheko.

“Sasa sijui, Dada. Mama aliharibu mtego.”
“Muulize kingine.”
“Mama amekasirika. Amesema nikiendelea kukuchunguza atatoka kundini. Amesema ndiyo mara ya kwanza ana mtoto wa kike anayemjibu.” Akashusha sauti. “Na huyo wa kundini nimeshamuuliza waziwazi, ‘Ni wewe kweli?’ Akajibu, ‘Kwani mnamtaka nani?’”

Jumatano, 3 Aprili
Milimita 19. Nimetuma meseji ya kawaida kwa ile namba: “Waache watu wangu.” Hakujibu.

Alhamisi, 4 Aprili
Milimita 33. Amejibu. “Usinione mbaya.” Hayo tu.

Jumamosi, 6 Aprili
Milimita 45. Mdogo wangu alimtumia Fundi picha za mazungumzo yote, nikaenda kuzisoma kwenye simu ya Fundi, nimekaa kwenye kigoda chake, wateja wakinipita juu ya kichwa.

Ilikuwa kama kusoma barua za mtu aliyekaa katika maisha yangu nilipokuwa nimetoka kidogo. Penye jina “Dada” kuna picha ya kiti mbele ya mlango, hakina mtu. Anajua siku ya dawa. Anajua mtoto wa mwisho wa mdogo wangu ana jino bovu, mimi sikujua. Shangazi anamwomba ushauri. Anakosea mambo madogo, na kila akikosea Mama anamsahihisha taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kazi. “Si Februari, mwanangu, ulizaliwa Agosti, kulikuwa na baridi.” Kesho yake tayari anajua baridi ya Agosti.

Nikafika ya mwisho, ya jana.
Mama: “Natamani kuja kwako.”
Dada: “Njoo, Mama. Chumba kipo.”

Nina chumba kimoja nyuma ya kituo, kitanda kimoja, na ndoo pale paa linapovuja. Nikampigia Mama papo hapo.
“Mama, kuna mtu amekwambia uje?”
“Ameniambia.”
“Nani?”
Nilisikia watoto wakicheza nyuma yake. “Binti yangu,” akasema.
“Mama, kwangu kuna chumba kimoja.”
“Najua kuna chumba kimoja,” akasema, akaniuliza mvua ya huku, kisha akaaga.

Jumanne, 9 Aprili
Milimita 64. Kina mita 3.1. Nimetuma onyo ofisini.

Alhamisi, 11 Aprili
Milimita 97. Sijawahi kuandika namba hiyo kwa mkono wangu.

Tangu jana maji yalikuwa juu ya daraja, na leo saa mbili daraja halikuonekana, ni mstari wa povu tu. Nilitoka kutuma kipimo, simu ikaita. Wifi.
“Mama ameshafika salama?”
“Amefika wapi?”
“Wifi, si kwako! Kapanda basi jana mchana, na mkoba wake wa bluu. Tulikupigia usiku hukupatikana, lakini uliandika kwamba umempokea. Nauliza tu kama goti limestahimili.”

Jana umeme wa mnara ulikatika tangu jioni, kweli sikupatikana. “Wifi, hapa haliwezi kufika basi lolote tangu jana. Daraja limezama.”
“Ndiyo, uliandika! Ulisema daraja limejaa, Mama asije mpaka mwisho, ashuke mji wa katikati, utampokea stendi.”

Yule mtu alijua kuhusu daraja langu. Baadaye nikakumbuka: onyo langu mwenyewe la Jumanne lilibandikwa kwenye stendi zote za mabasi.

Simu ya Mama imezimwa. Nikampigia karani wa stendi ya ule mji, namba yake tunayo kituoni kwa ajili ya matangazo ya mafuriko. Akamkumbuka upesi.
“Bibi mwenye mkoba wa bluu, anachechemea? Alipokelewa, mama. Binti yake alikuja na mwavuli.”
“Binti yake ni mimi.”
“Basi labda dada yako. Walikumbatiana muda mrefu, mpaka nikawapisha.”

Nikaiandikia ile namba: “Mama yangu yuko wapi?”
Safari hii jibu lilikuja kabla sijaishusha simu. “Nyumba ya ghorofa nyuma ya kiwanda cha nguo, mlango wa kumi na moja. Amekula. Amelala vizuri. Njoo.”

Mdogo wangu anataka kwenda polisi. Nimemwambia anipe mpaka kesho. Mto ninaujua kuliko yeye, na kuna daraja la waya la waenda kwa miguu huko juu. Mvua ikikatika jioni hii, kesho saa nne maji yatakuwa yameshuka chini ya mbao zake. Sasa ni saa kumi na nusu. Nasoma kina kila nusu saa, hata kama hakuna anayekitaka. Mita 4.4. Mita 4.4. Mita 4.3.

Ijumaa, 12 Aprili
Milimita 8. Kipimo amekisoma Mzee Koti badala yangu.

Lakini kwanza alinisindikiza mpaka daraja la waya. Maji yalikuwa shubiri moja chini ya mbao. “Usitazame chini,” akasema, “tazama nilivyovaa.” Akatangulia kinyumenyume, koti limefungwa vifungo vyote, nami nikamfuata kwa kuhesabu vifungo. Ng'ambo nikapata gari la idara ya maji, na saa saba nikawa mbele ya mlango wa kumi na moja.

Kile kiti kilikuwa nje. Ndani niliusikia ule mngurumo, unakwenda na kusimama.

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Nikasukuma mlango bila hodi. Palikuwa na cherehani kubwa ya kiwandani, marundo ya sare za shule, na mwanamke wa miaka sitini na ushei ameinama juu ya kitambaa. Mama alikuwa kitandani, mguu juu ya mto, anatoboa vitundu vya vifungo. Yule mwanamke akanyanyua macho. Na mimi, pamoja na hasira zangu zote, malezi yakanitangulia.
“Shikamoo.”
Hakuitikia. Alitazama mdomo wangu.
“Marahaba,” Mama akaitikia kwa niaba yake. “Paza sauti, hasikii. Miaka thelathini ya mashine za kiwandani.”

Basi ndiyo “hakuna mtu” yake. Nilikuwa nimepiga kelele sikioni mwa mtu asiyesikia.

Nimemwita Mshonaji humu, maana ndivyo jirani zake wanavyomwita. Alisimama, akapangusa kiti, akasimama mbali nami, mikono imeshikana kama mtuhumiwa. Alisema kwa sauti kubwa isiyo na vipimo, ya viziwi. Alinunua laini mpya kibandani mwezi wa kwanza, na kampuni ilikuwa imemuuzia upya namba yangu iliyolala. Mwezi wa pili simu ikalia ghafla, watu kumi wanamwambia “Karibu Dada”. Mdogo wangu alipofungua kundi alichukua majina yote simuni mwake, na ile namba ya zamani hakuwahi kuifuta.

“Niliwaambia!” akasema. “Siku ile ile niliandika: mmekosea namba.”
“Mbona hawakuiona?”
“Sikuandika kundini. Niliogopa wengi. Nilimwandikia yeye, kwa sababu ndiye aliyeniita mwanangu.”

Nikamgeukia Mama. Alikuwa anaendelea na kitundu chake, amefinya jicho.
“Mama, ulijua?”
“Nilijua.”
“Tangu lini?”
“Tangu siku ya kwanza. Si ameshakwambia?” Akakata uzi kwa meno. “Nikamjibu: ‘Najua kwamba si wewe. Kaa kidogo.’”
“Kibuyu? Na mwavuli?”
“Mimi ndiye niliyemwambia. Angejuaje?”

Chumba kile kikawa kidogo sana. Nilihisi nimesimama kwenye nyumba ya watu, kila mtu ana mahali pake, mimi tu ndiye sina.
“Mama, simu yangu haikubali. Nimekueleza mara ngapi? Haikubali programu.”
“Inakubali kupiga.”
“Nakupigia!”
“Jumapili. Dakika nne.” Hakusema kwa ukali. Afadhali angekuwa mkali. “Nakuuliza mvua, unanitajia milimita. Mwanangu, mimi milimita nizifanyie nini? Huyu namuuliza mvua, ananiambia kunguru wamelowa.”

Mshonaji alikuwa anatazama midomo yetu, mmoja baada ya mwingine, na nadhani alipata nusu tu. Akaja akaweka kikombe cha chai mkononi mwangu. “Sijachukua kitu,” akasema kwa sauti ya kusikika ghorofa nzima. “Hakuna aliyewahi kuniuliza nimeamkaje. Sijachukua kingine.”

Niliinywa chai ile. Ningefanya nini?

Jumamosi, 13 Aprili
Daraja bado. Nimelala sakafuni kwa Mshonaji, juu ya sare za darasa la tatu. Asubuhi nimewaona wawili wale wamekaa bega kwa bega kitandani, kila mmoja na simu yake, na kundini kumetokea: “Mama mpenzi, umeamkaje?” na jibu: “Vizuri, mwanangu.” Hawakugeuka kutazamana. Nilijifanya bado nimelala.

Jumapili, 14 Aprili
Nimempigia mdogo wangu na kumweleza. Alitukana kwanza, kisha akasema anaifuta ile namba sasa hivi. Mama akaninyang'anya simu. “Ukiifuta, na yangu uifute.” Haijafutwa.

Jumamosi, 20 Aprili
Milimita 5. Daraja limefunguka jana. Nilidhani Mama atarudi kwa mdogo wangu. Akasema anakuja kwangu, mpaka goti lipone, kwa sababu ndiko alikoaga kwamba anakwenda. Mshonaji alitusindikiza mpaka basini. Basi lilipoondoka hakupunga mkono, alikuwa tayari anaandika.

Mama amelala kitandani, mimi nina godoro. Mzee Koti ameziba paa.

Alhamisi, 25 Aprili
Milimita 2. Tumekula kimya. Nimemuuliza goti, akasema afadhali. Nimetafuta neno la pili, sikulipata. Dakika chache baadaye nimemsikia anacheka na simu yake.

Jumanne, 30 Aprili
Hakuna mvua. Ofisi imetangaza kwamba simu zetu zote zitakusanywa. Programu ya vipimo imehamishiwa kwenye simu mpya, za aina wanayotumia watu wote.

Jumatatu, 6 Mei
Nimekabidhi. Karani aliitupa ndani ya boksi pamoja na nyingine kama arobaini. Kadhaa zilikuwa bado zinawaka.

Jumatano, 8 Mei
Milimita 1, pengine ni umande. Simu mpya imefika, na saa kumi mdogo wangu akaniingiza kundini.

Mama alikuwa chumbani, mimi nimekaa nje kwenye ngazi. Niliona jina langu likitokea kama namba tupu, kwa sababu jina “Dada” limeshachukuliwa. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika, nikafuta. Mwisho nikatuma: “Hamjambo wote. Ni mimi.”

Alama zikaonyesha wameisoma. Kumi na mmoja. Nikangoja. Shangazi hakusema kitu. Wifi hakusema kitu. Mdogo wangu alianza kuandika akaacha. Hakika hawakujua wanijibu vipi, tayari walikuwa na mimi mwingine, waliyemzoea. Hata Mshonaji alinyamaza, nadhani kwa heshima. Jua linawaka, uani hakuna hata kuku.

Kisha ikaingia moja, kutoka kwa Mama.
“Karibu, mgeni.”

Niliinuka nikaenda mlangoni. Alikuwa ameegemea ukuta, mguu juu ya mto, miwani puani, uso umemulikwa na kioo. Hakunitazama.
“Mama,” nikasema, “mimi niko hapa.”
“Nakuona.”
“Basi ongea nami.”
“Andika kwanza,” akasema, kidole chake kikiwa tayari juu ya kioo. “Andika nisome.”

Nikakaa chini palepale kizingitini, hatua tatu kutoka kwake. Ilinichukua robo saa. Niliandika kwamba saa tatu asubuhi, nilipokwenda kusoma kipimamvua, nilimkuta chura ndani, amekaa kwenye milimita moja ya maji kama mwenye nyumba, na kwamba nilimtoa kwa kijiko nikamwomba radhi.

Nikatuma. Simu yake ikalia. Akasogeza miwani, akasoma, midomo inacheza. Akasoma tena.
“Mkubwa?” akauliza, kwa sauti.
“Mdogo tu,” nikamjibu. “Kama kidole gumba.”